Kusomea udaktari katika nchi jirani: Nini cha kuandaa kabla ya chuo kufunguliwa?

Kwa kijana wa Bukoba, Kampala iko karibu kuliko Dar es Salaam. Basi linaloondoka asubuhi huvuka mpaka wa Mutukula na kuingia mji mkuu wa Uganda siku hiyo hiyo, ilhali safari ya kwenda Muhimbili ni kuikata nchi nzima kutoka magharibi hadi pwani. Mzazi wa Kigoma huitazama Bujumbura kwa jicho hilo hilo. Ndiyo maana matokeo ya mitihani yanapotangazwa, familia za mikoa ya mipakani hujiuliza: je, mtoto aliyefaulu sayansi akasomee udaktari ng'ambo?

Jambo lenyewe si geni. Skuli ya udaktari ya Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1924 pale Mulago, ilifundisha madaktari wa Uganda, Kenya na Tanganyika kwa miongo kadhaa kabla Dar es Salaam haijapata chuo chake mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyetunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2018, alisomea udaktari nchini Burundi na kuhitimu mwaka 1983 kabla ya kurudi kwao Kivu. Kuvuka mpaka kwa ajili ya elimu hii kumekuwa sehemu ya historia ya eneo letu.

Lakini anayevuka leo hukutana na magumu mawili kwa pamoja. La kwanza ni mwaka wa kwanza wa udaktari, ambao ni mzito popote duniani. La pili halizungumzwi sana: mifumo ya shule za sekondari katika nchi zetu inatofautiana, na kila mfumo humwachia mwanafunzi pengo la aina yake. Asiyelijua pengo lake hutumia miezi ya likizo kujiandaa kwa mambo ambayo tayari anayaweza.

Makaratasi kwanza

Kuna suala moja la kumalizwa hata kabla ya kufungua kitabu. Chuo kuwa na usajili wa serikali si sawa na kitivo chake cha udaktari kukubaliwa na baraza la madaktari. Nchini Uganda, kwa mfano, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ndilo linalosimamia vyuo, lakini anayemsajili mhitimu kuwa daktari ni chombo kingine kabisa, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Mzazi anayeonyeshwa cheti cha usajili cha chuo aombe pia kuona uthibitisho wa pili. Mabaraza ya madaktari ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yamekuwa yakifanya ukaguzi wa pamoja wa vyuo vya udaktari, na kupiga simu kwa baraza la nchi ya nyumbani kuuliza habari za chuo fulani ni jambo la dakika chache linaloweza kuokoa miaka mitano.

Kwa Mtanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndiyo itakayoitambua shahada atakaporudi. Usajili wa kutibu watu ni kazi ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar ina baraza lake. Vyeti vya sekondari vilivyotolewa nchi nyingine hulinganishwa na mabaraza ya mitihani: NECTA kwa Tanzania, UNEB kwa Uganda. Kibali cha mwanafunzi nacho huombwa rasmi, hata kama wakazi wa mpakani wamezoea kuvuka kwa kitambulisho tu wakienda gulioni.

Muda ndio unaobana. Matokeo ya kidato cha sita nchini Tanzania hutoka kwa kawaida mwezi Julai, na vyuo vikuu vingi vya Uganda hufungua mwezi Agosti. Anayesubiri matokeo ndipo aanze kutafuta pasipoti na ulinganishi wa vyeti atafika wenzake wakiwa wamekwisha kugawana viungo vya kusoma.

Kila mfumo na pengo lake

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma Fizikia, Kemia na Biolojia hadi kidato cha sita huja na msingi imara wa sayansi. Kemia ya kaboni na chembe za urithi si mambo mapya kwake. Pengo lake liko mdomoni. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaandika mitihani ya sekondari kwa Kiingereza, lakini mara nyingi hakupewa nafasi ya kukizungumza mbele ya watu. Chuoni huulizwa ghafla, mbele ya meza ya maiti na wenzake kumi, aeleze mshipa fulani unatokea wapi na unaelekea wapi. Analijua jibu, ila halitoki. Mwalimu asiyemfahamu huandika kwamba hakujiandaa.

Mkenya ana hali iliyo kinyume chake. Kiingereza hakimsumbui. Hata hivyo, mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliondoa kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo anayetoka kidato cha nne na cheti cha KCSE hukaa darasani Kampala au Mwanza pamoja na vijana waliosoma miaka miwili zaidi ya Kemia na Biolojia. Nchini Kenya kwenyewe shahada ya udaktari kwa kawaida huchukua miaka sita. Uganda na Tanzania ni mitano, kabla ya mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini. Mkenya anayejiunga na mpango wa miaka mitano ajue kwamba mhadhiri hatarudi nyuma kumfundisha asidi, besi na muundo wa protini. Hayo ayasome nyumbani, na vitabu vya kidato cha tano na cha sita vya majirani vinamfaa kuliko kitabu chochote cha chuo kikuu.

Kijana wa Burundi au Kongo huvuka mpaka wa lugha. Sayansi aliisoma kwa Kifaransa. Bahati yake ni kwamba istilahi nyingi za kitabibu zina asili moja ya Kigiriki na Kilatini, hivyo maandishi huyaelewa upesi kuliko anavyodhani. Kinachomchelewesha ni kusikiliza: mhadhara wa saa mbili, mzungumzaji mwenye lafudhi ya nchi yake, na maandishi ubaoni yasiyosomeka. Mtanzania anayekwenda Bujumbura au Bukavu hupitia adha hiyo hiyo upande wa pili, tena pasipo hata ule msingi wa Kifaransa cha shule. Miezi mitatu ya darasa la lugha kabla ya kuondoka si anasa kwake. Rwanda ni mfano wa kuzingatiwa: tangu uamuzi wa mwaka 2008 elimu yake ilihama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, hivyo anayekwenda Huye au Butaro leo asidanganywe na habari za ndugu yake aliyesoma huko zamani.

Ushauri unaotolewa sana, wa kununua kitabu kinene cha anatomia na kuanza kukariri tangu ukurasa wa kwanza, kwa maoni yetu una faida ndogo. Bila maiti, bila mifupa mkononi na bila mwalimu, majina yale hayana pa kushika. Kilicho bora ni kujifunza mizizi ya maneno. Anayejua kwamba kwa Kigiriki ini ni hepar, figo ni nephros, mfupa ni osteon na damu ni haima huanza kuyafumbua maneno marefu mwenyewe, kama mtu aliyepewa funguo za nyumba nzima. Mizizi hamsini inatosha kwa kuanzia, na hubandikwa ukutani ikasomwa wakati wa kupiga mswaki.

Kazi isiyofanana na ya sekondari

Watu wa nje hudhani mwanafunzi wa udaktari hushindwa kwa sababu masomo ni magumu kueleweka. Kwa kweli mengi yanaeleweka. Kinachoshinda ni wingi. Anatomia, fiziolojia na biokemia huja kwa pamoja, na zaidi ya hayo huja elimu ya tishu na ya ukuaji wa mimba. Kinachofundishwa juma moja kingechukua muhula mzima katika sekondari. Mtihani wa vitendo wa anatomia una namna yake ya kutisha: meza zimepangwa, kila moja ina kiungo kilichochomekwa pini au kufungwa uzi, kengele inalia, mwanafunzi anasogea. Ana dakika moja au mbili za kutaja kilichoonyeshwa. Kengele ikilia, harudi nyuma.

Katika hali hiyo, mbinu iliyomfikisha kijana chuoni, yaani kusoma daftari mara tatu usiku wa kuamkia mtihani, humwangusha. Watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 majaribio ambayo walimu wa udaktari huyataja hadi leo. Wanafunzi waliosoma kifungu cha maneno kisha wakakirudia kukisoma walikumbuka zaidi dakika tano baadaye. Lakini baada ya juma moja, waliokuwa wamefunga kitabu na kujaribu kuandika walichokumbuka ndio walioongoza, na waliorudia kusoma walikuwa wamesahau mengi. Ubaya wa kurudia kusoma ni kwamba kunampa mtu hisia ya kujua.

Zoezi hili halihitaji kompyuta wala fedha. Soma kurasa mbili, funga kitabu, chora mkono na mishipa yake kwenye karatasi tupu, kisha fungua ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia juma lijalo. Anayeanza tabia hii miezi miwili kabla ya chuo, hata kwa kutumia vitabu vyake vya zamani vya Biolojia, hufika akiwa na silaha ambayo wengi huigundua baada ya kufeli mtihani wa kwanza.

Namna ya kufundisha nayo hutofautiana. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilijenga masomo yake ya udaktari juu ya kikundi kidogo kinachopewa tatizo la mgonjwa na kutakiwa kulitafutia majibu chenyewe, na kiliwapeleka wanafunzi vijijini mapema. Kwa aliyezoea mwalimu anayeandika ubaoni naye ananakili, majuma ya kwanza huwa kama ya kutupwa ziwani. Hakuna notisi. Mwenye aibu ya kusema "sijui" huumia zaidi kuliko asiyejua.

Gharama ya kuanguka nayo ihesabiwe mapema. Kurudia mwaka nyumbani ni aibu ya muda. Kurudia mwaka ugenini ni ada, kodi ya chumba na nauli za miezi kumi na miwili zaidi, na mikopo ya serikali ya Tanzania kwa sehemu kubwa hulenga wanaosoma ndani ya nchi. Familia iliyouza ng'ombe au kiwanja kulipia mwaka wa kwanza na ikae chini kuulizana itafanya nini somo moja likirudiwa. Mazungumzo hayo ni mazito, lakini yakifanyika kabla ya safari humpunguzia kijana mzigo wa kuficha matokeo.

Wodi, chanjo na lugha ya mgonjwa

Kabla ya yote hayo, kijana aombe ruhusa ya kukaa siku chache katika kituo cha afya au zahanati ya karibu, si kutibu, ila kutazama. Aone foleni ya kliniki ya watoto, asikie harufu ya chumba cha vidonda, amwone muuguzi akimaliza zamu ya usiku. Wapo wanaogundua mwaka wa tatu, hospitalini, kwamba udaktari ulikuwa ndoto ya baba. Siku tano zahanati ni bei nafuu zaidi ya kuligundua hilo.

Akiwa huko aulizie chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa kuwa atashika damu na sindano. Hutolewa kwa dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Anayeianza juma la kuripoti chuoni atafika katikati ya mwaka bila kinga kamili. Kadi ya homa ya manjano nayo huulizwa mipakani.

Limebaki jambo ambalo fomu za maombi haziulizi. Mihadhara ya Kampala ni ya Kiingereza, lakini mama aliyelazwa Mulago huenda akajieleza kwa Kiganda, na wa Mbarara kwa Kinyankole. Mganda anayekuja Mwanza au Moshi naye atakutana na mgonjwa asiyesema maumivu ya kifua, bali "nina kichomi", "moyo unakwenda mbio", "tumbo linanikata", na kila neno kati ya hayo linamwelekeza daktari mahali tofauti. Miaka miwili ya kwanza, ambayo kwa kawaida hutumika zaidi darasani na maabara, ndiyo nafasi ya kujifunza lugha hiyo sokoni, kanisani, msikitini na kwa mama anayepika chakula cha wanafunzi. Mwaka wa tatu, mgonjwa atakapokuwa mbele yake na mkalimani hayupo, hatakuwa na muda wa kuianza.