Safari ya Chakula Mjini Kale
Wanachama wenzangu, naonelea safari yetu ya utamaduni iwe Mji wa Kale, si mbali wala ghali. Kutoka Mtongwe tutapanda matatu hadi Likoni, kisha feri, ambayo mwenda kwa miguu halipi. Tufike asubuhi tule mahamri na mbaazi za nazi, halafu tuingie Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wareno hao hao ndio waliotuletea muhogo kutoka Brazili. Bajia nazo asili yake Bara Hindi. Kumbe historia tunayoikariri darasani tunaila kila siku! Ila nauli ya kurudi ifichwe mapema, maana harufu ya mishikaki jioni haina huruma. Wahenga walinena, mwenda bure si mkaa bure.