Jinsi Dubai ilivyojipatia funguo za bandari za ng'ambo

MWAKA wa 2024 bandari ya Mombasa ilivuka kwa mara ya kwanza kiwango cha makontena milioni mbili kwa mwaka, hesabu ambayo hufanywa kwa kipimo cha kontena lenye urefu wa futi 20. Katika mwaka huo huo kampuni moja yenye makao yake makuu Dubai, DP World, ilihudumia makontena milioni 88.3 katika bandari inazoziendesha pembe mbalimbali za dunia. Kazi ya kampuni hiyo moja, kwa hivyo, ilikaribia kutoshana na ya bandari 44 zenye shughuli kama za Mombasa.

Ukubwa huo haukujengwa kwa muda mrefu. Hadi kufikia mwaka wa 1999 Dubai haikuwa ikiendesha gati hata moja nje ya mipaka yake. Namna ilivyoinuka kutoka hapo ni jambo linalowahusu wakazi wa Afrika Mashariki kwa karibu, kwa kuwa sehemu ya hadithi yenyewe imeandikwa Djibouti, Berbera, Kigali na Dar es Salaam.

Wazee wa Mombasa na Lamu wanaijua Dubai kabla haijawa na majumba marefu. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakija na upepo wa kaskazi yakiwa yamepakia tende na mazulia, kisha yakirudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko za Lamu, ambazo ndizo zilizoezekea nyumba nyingi za huko kabla ya kuenea kwa saruji. Wakati huo Dubai ilikuwa mji wa wavuvi na wafanyabiashara kando ya hori, na jahazi lilipwelewa pale kama linavyopwelewa popote penye mchanga.

Mafuta yaligunduliwa Dubai mwaka wa 1966, lakini yalikuwa haba yakilinganishwa na ya jirani yake Abu Dhabi. Mtawala wa wakati huo, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, alizitumia fedha hizo kujenga bandari. Port Rashid ilianza kazi mwaka wa 1972. Kabla bandari hiyo haijazoeleka vyema, akaamuru ichimbwe nyingine kubwa zaidi katika jangwa la Jebel Ali, mbali na mji, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1979. Wengi waliona ni fedha zilizomwagwa mchangani, na kusema kweli hoja yao ilikuwa na uzito: gati zilikuwepo, shehena haikuwepo.

Kilichoiokoa Jebel Ali ni sheria. Mwaka wa 1985 eneo huru la biashara lilianzishwa kando ya bandari hiyo, ambapo mgeni aliruhusiwa kumiliki kampuni yake yote bila kulazimika kutafuta mshirika mwenyeji, kuingiza bidhaa bila ushuru na kuzisafirisha tena kwingineko. Bidhaa za viwanda vya Asia zikawa zinateremshwa hapo, zinahifadhiwa katika maghala, kisha zinagawanywa kuelekea Iran, Bara Hindi na Afrika. Mfanyabiashara wa Eastleigh au Kariakoo aliyekuwa akipanda ndege kwenda kununua vifaa vya umeme na vipuri vya magari alikuwa mteja wa mpango huo, hata kama hakuwahi kuliona gati lenyewe.

Mwaka wa 1991 bandari hizo mbili ziliwekwa chini ya mamlaka moja. Miaka minane baadaye, mnamo 1999, iliundwa kampuni ya kutafuta kazi ng'ambo, Dubai Ports International. Ilianzia Jeddah, Saudi Arabia. Mwaka wa 2000 ikapewa usimamizi wa bandari ya Djibouti. Ikafuata Visakhapatnam nchini India, kisha Constanta nchini Rumania.

Hapa yafaa kueleza biashara yenyewe ilivyo, kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba bandari fulani "imeuzwa" ilhali kilichotendeka ni jambo jingine. Kwa kawaida ardhi na maji hubaki mali ya serikali. Kampuni hupewa haki ya kuendesha gati kwa miaka maalumu, 25, 30 au zaidi. Huleta kreni, huweka mitambo ya kompyuta, na pengine huongeza kina cha maji. Kwa upande wake hulipa kodi ya pango, pamoja na ada kwa kila kontena, na kupata faida yake kutokana na malipo ya wenye meli na wenye mizigo. Kinachouzwa, kwa hakika, ni muda. Meli kubwa ya makontena hugharimu maelfu mengi ya dola kwa kila siku inayokaa nangani, hivyo mwenye meli hupendelea bandari itakayomwachilia baada ya saa chache.

Tatizo la biashara ya namna hiyo ni kwamba gati nzuri ni chache, na karibu zote tayari zina mkataba na mtu. Anayetaka kukua polepole husubiri mikataba hiyo iishe. Anayetaka kukua kwa haraka huinunua kampuni iliyo na mikataba.

Dubai ilichagua njia ya pili. Mapema mwaka wa 2005 ilinunua gati za kampuni ya Marekani, CSX World Terminals, kwa dola bilioni 1.15, ikapata nafasi Hong Kong, Australia na Jamhuri ya Dominika. Septemba mwaka huo mamlaka ya bandari na kampuni ya ng'ambo ziliunganishwa na kupewa jina la DP World. Halafu ikaja P&O, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka wa 1837 na ambayo ilisafirisha barua na maafisa wa himaya hiyo kwenda India na Mashariki ya Mbali. Kampuni ya bandari ya Singapore, PSA, nayo ilikuwa ikiitaka. Bei ikapandishwa, mmoja akamzidi mwenzake, hadi Singapore ikaondoka. Machi 2006 DP World ilikamilisha ununuzi huo kwa pauni bilioni 3.9.

Kwa mpigo mmoja ikawa miongoni mwa kampuni kubwa zaidi za bandari duniani. Bandari ya Maputo, kwa mfano, iliingia katika orodha yake kupitia P&O, bila ya Msumbiji kuwa upande wowote katika mnada uliofanyika London.

Marekani haikukubali mambo yaende hivyo. P&O ilikuwa na shughuli katika bandari kadhaa za huko, zikiwemo za New York na New Jersey, Baltimore na Miami. Wabunge walidai kwamba kuziweka mikononi mwa kampuni ya serikali ya Kiarabu kungehatarisha usalama wa taifa. Rais George W. Bush aliutetea mpango huo na kutishia kutumia kura yake ya turufu, lakini kamati moja ya bunge ikaupinga kwa kura 62 dhidi ya mbili, wakiwemo wabunge wa chama chake. DP World ikaamua kuziuza shughuli hizo, na zikaenda kwa kampuni ya Marekani, AIG. Ni vyema kukumbuka kisa hicho pale nchi ndogo zinapolaumiwa kwa kuwa na wasiwasi juu ya malango yao.

Djibouti ndiyo iliyokuwa na wasiwasi huo, ila ilikuwa imekwisha kutia sahihi. Mwaka wa 2006 serikali yake iliipa DP World mkataba wa miaka 30 wa kujenga na kuendesha gati la makontena la Doraleh. Dubai ilimiliki theluthi moja ya hisa na upande wa Djibouti theluthi mbili, lakini uendeshaji ulikuwa wa Dubai. Gati lilipofunguliwa mwaka wa 2009 lilikuwa la kisasa kuliko mengi katika ukanda huu, nayo Ethiopia, ambayo tangu vita vyake na Eritrea vya 1998 ilitegemea Djibouti kwa sehemu kubwa kabisa ya mizigo yake, ilinufaika.

Ugomvi ulitokana na kipengele kilichoipa kampuni hiyo haki ya pekee ya kuhudumia makontena nchini humo. Djibouti ilipotaka kujenga bandari nyingine kwa ushirikiano na China Merchants ya China, iligundua kwamba ilikuwa imejifunga mikono. Ikadai mkataba ulipatikana kwa hongo. Wasuluhishi wa London wakalitupilia mbali dai hilo mwaka wa 2017. Novemba mwaka huo bunge likapitisha sheria ya kuruhusu mikataba ya miundomsingi muhimu ijadiliwe upya, na tarehe 22 Februari 2018 serikali ikavunja mkataba na kulitwaa gati.

Kesi zilizofuata hazikuwa na mwisho wa upesi. Mwaka wa 2019 wasuluhishi hao waliamuru Djibouti ilipe dola milioni 385 pamoja na riba kwa kukiuka haki ile ya pekee. Mwaka wa 2025, kwa upande mwingine, dai la dola milioni 682 dhidi ya kampuni ya bandari ya Djibouti lilikataliwa. Muda wote huo Dubai haikurudi Doraleh.

Haikukaa bure, hata hivyo. Ilikuwa tayari imekubaliana na Somaliland mwaka wa 2016 kuhusu bandari ya Berbera, kwa uwekezaji wa hadi dola milioni 442, ikiinyemelea shehena ile ile ya Ethiopia kwa mlango wa pili. Ethiopia yenyewe iliahidiwa asilimia 19 ya hisa, lakini mwaka wa 2022 ilitangazwa kwamba imezipoteza kwa kutotimiza masharti. Bunge la Somalia, ambayo huihesabu Somaliland kuwa sehemu yake, liliipiga marufuku DP World Machi 2018. Gati jipya la Berbera likafunguliwa Juni 2021 licha ya marufuku hayo.

Yaliyotokea Tanzania bado yamo vichwani mwa wengi. Makubaliano kati ya serikali hiyo na Dubai yalitiwa sahihi Oktoba 2022 na kuidhinishwa na Bunge Juni 10, 2023. Maandishi yake yalipoenea, wananchi walisoma kwamba hakuna upande ungeruhusiwa kujitoa hata kama uhusiano wa kibalozi ungevunjika, na wakatafuta tarehe ya ukomo wasiione. Mawakili walikwenda mahakamani Mbeya na kushindwa Agosti 2023. Mwezi huo baadhi ya wakosoaji walikamatwa, nao maaskofu wa Kanisa Katoliki wakatoa tamko la kupinga.

Mikataba ya utekelezaji iliyosainiwa Oktoba 22, 2023 ilikuwa na sura tofauti. Muda uliwekwa kuwa miaka 30, utendaji kupimwa kila baada ya miaka mitano, na eneo likatajwa kuwa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam pekee. Serikali haikukiri kwamba kelele ndizo zilizoleta mabadiliko hayo, lakini ni vigumu kuamini kwamba hazikuchangia. Gati jingine la makontena la bandari hiyo lilikwenda kwa washirika wa India na Abu Dhabi.

Nchini Kenya, kazi ya kupakua makontena Mombasa imekuwa mikononi mwa Halmashauri ya Bandari (KPA), na mpango wa mwaka wa 2023 wa kuwatafuta waendeshaji wa kibinafsi uliwakasirisha wafanyakazi na viongozi wa Pwani. Lakini DP World si lazima iwe na gati Mombasa ili iguse mzigo wa Mombasa. Inaendesha bandari ya nchi kavu huko Masaka, nje kidogo ya jiji la Kigali. Kontena linaloteremshwa Kilindini na makuli wa KPA, likapita Malaba na kuivuka Uganda kwa lori, laweza kumalizia safari yake ndani ya uwanja wa kampuni hiyo, kando ya jingine lililotokea Dar es Salaam.