Mizani ya miwa na hatari ya katizo lisilotumika
KATIKA eneo la Kabras, Kaunti ya Kakamega, malipo ya mkulima wa miwa hutegemea uzito unaosomwa kwenye mizani. Mizani ya kielektroniki huongozwa na chipu yenye programu. Chipu hiyo hupokea makatizo, yaani ishara za kuisitisha kazi kwa muda ili ishughulikie jambo la dharura.

Hatari huzuka katizo lisilotumika likiwashwa kimakosa bila kuandaliwa utaratibu. Katika chipu za AVR, maktaba ya avr-libc kwa kawaida huirudisha programu mwanzo, na hesabu iliyokuwa ikiendelea hupotea.

Kuliwekea utaratibu mtupu ni kuficha kosa. Lililo salama ni kuyazima makatizo yasiyohitajika, kisha kuyaandalia utaratibu wa kusimamisha upimaji na kuonyesha hitilafu, ili mzigo upimwe upya. Heri mizani inayokiri kosa kuliko inayompunja mkulima kimyakimya.