Je, Wajua? Mswaki, Shubiri na Fizi za Mwenye Kisukari

Je, wajua kuwa fizi zinazotoka damu zimo kwenye orodha ya madhara ya kisukari? Macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na vidonda visivyopona vilikuwa vimeshatajwa. Mwaka 1993 mtaalamu wa meno Harald Löe akaongeza la sita: ugonjwa wa fizi! Mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kuupata karibu mara 3 zaidi ya asiye nacho.

Subiri, bado. Fizi mbovu nazo hupandisha sukari, na zikitibiwa, sukari hushuka! Mwaka 2022 watafiti walijumlisha majaribio 35 wakakuta kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimeteremka kwa takriban pointi 0.4. Mgonjwa ametibiwa kinywani, majibu yameonekana kwenye damu.

Unadhani kidonda cha fizi ni kidogo kwa sababu hukioni? Kikunjue chote, kuanzia jino la kwanza hadi la mwisho, upate sentimita za mraba 8 hadi 20! Kingekuwa gotini ungeshafika hospitali zamani.

Sasa tuje kwenye mti ninaoupenda kuliko yote, mswaki wenyewe, *Salvadora persica*, ule unaouzwa kwa vifungu nje ya misikiti. Menya ncha ya mzizi, itafune taratibu. Kwanza utasikia ukali unaochomachoma ulimi, kisha nyuzi zitafunguka na kuwa brashi. Ule ukali ndio dawa!

Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walining'iniza vipande vya mswaki juu ya visahani vyenye bakteria, bila kuvigusisha hata kidogo. Bakteria wa fizi walishindwa kustawi! Hebu fikiria: mti hauwagusi, nao wanakoma. Mwaka 2011 siri ikajulikana: ni mafuta yanayoruka hewani, yaitwayo benzili isothiosayaneti. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshahimiza matumizi ya mswaki tangu 1987. Na Waturkana, ambao mti huu umejaa kwao, hula hata matunda yake!

Je, unameza metformin, kidonge cha kushusha sukari, kila siku? Basi, ndugu yangu, asili ya kidonge chako ni ua! Mmea wa Ulaya uitwao *Galega officinalis* ulikutwa na kemikali inayoshusha sukari, na wanakemia wakafuata nyayo zake. Metformin ilitengenezwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1922, ikakaa miaka 35 hadi daktari Mfaransa Jean Sterne alipotangaza mwaka 1957 kuwa inawafaa wagonjwa. Na sasa sikia hili: madaktari wa meno India wameifanya kuwa jeli ya asilimia 1 na kuisukuma ndani ya mifuko ya fizi, yaani nafasi zinazobaki fizi inapoachana na jino. Ripoti zao zilionyesha mfupa uliolika ukijaa zaidi kuliko kwa waliosafishwa fizi peke yake! Dawa ya sukari, kazini kwenye fizi.

Shubiri je? Kata jani uone: kwanza hutiririka utomvu wa njano, mchungu ajabu, huo ni wa kuharisha, umwage! Kinachofuata ni ute mweupe unaoteleza. Jaribio la India lililochapishwa mwaka 2016 liliwachukua wagonjwa wa fizi wenye kisukari cha aina ya pili, wakasafishwa fizi, kisha baadhi wakawekewa jeli ya shubiri. Mifuko ya fizi zao ilipungua kina kuliko ya wenzao!

Na manjano, kile kiungo cha jikoni, yameshindanishwa na klorheksidini, dawa ya kusukutua wanayoitegemea madaktari. Katika majaribio kadhaa yalikaribia kuifikia! Tena klorheksidini ikitumiwa muda mrefu hutia meno madoa ya kahawia.

Karafuu za Pemba? Mafuta yake yana yujenoli, ambayo kwa miongo mingi madaktari waliichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza plasta ya kufunika fizi baada ya upasuaji.

Lakini wajua kisichoyeyushwa na mmea wowote kati ya hii? Ugaga! Ukoga ukishakomaa na kuwa jiwe hauondoki kwa kutafuna wala kusukutua. Hukwanguliwa na daktari. Ndiyo maana katika majaribio ya jeli niliyokutajia, mgonjwa alikwanguliwa kwanza. Na vidonge vyake vya sukari havikuachwa.

Haya, malizia chai yako nikupe la mwisho. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha vipimo vya wanaume 940, wakakuta kila kikombe cha chai ya kijani kwa siku kinaambatana na mifuko ya fizi yenye kina kidogo zaidi. Unajua chai hiyo hutoka mti gani? Uleule wa Kericho na Mufindi! Tofauti ni kiwandani tu: majani ya kijani hupashwa moto mapema yasigeuke kuwa meusi.