Pauni za Biafra: akiba iliyooza

JANGA, Kibaha. Mama muuza mihogo anapokea noti ya shilingi elfu moja, anainyoosha kwa kidole gumba, kisha anaifunga kwenye pindo la khanga. Haitazami mara mbili sura ya Mwalimu Nyerere iliyochapwa juu yake. Anajua kesho atakwenda nayo Mlandizi na muuza unga ataipokea.

Mwalimu huyohuyo, tarehe 13 Aprili 1968, aliifanya Tanzania kuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, jimbo la mashariki mwa Nigeria lililojitangazia uhuru 30 Mei 1967 chini ya Odumegwu Ojukwu. Kwake, dola ipo ili iwalinde watu wake, na Waigbo, watu wa jimbo hilo, waliouawa kwa maelfu mwaka 1966 hawakulindwa. Siku hiyo shilingi yetu yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka miwili, kwani Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa 14 Juni 1966. Noti za Biafra hazikuwa na hata miezi mitatu.

Zilizaliwa kwa dharura. Januari 1968 Nigeria ilibadilisha noti zake, ili pauni za zamani zilizokuwa mikononi mwa Wabiafra zigeuke makaratasi. Mwezi huohuo Biafra ikatoa zake, za shilingi tano na za pauni moja. Zilichorwa mti wa jamii ya michikichi na jua linalochomoza, jua lilelile lililopepea kwenye bendera yao.

Wabiafra hawakuwa wa kwanza kujitenga na kutoa noti zao. Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, ilijitenga na Kongo 11 Julai 1960, ikatoa noti zenye sura ya kiongozi wake Moïse Tshombe na sarafu zenye msalaba wa shaba. Januari 1963 Katanga ikazimwa. Lakini Katanga ilikuwa na migodi ya shaba inayofanya kazi. Biafra ilizingirwa, bandari zikapotea, chumvi ikawa adimu na watoto wakafa kwa njaa. Nchi tano tu ziliitambua: Tanzania, Gabon, Côte d'Ivoire, Zambia na Haiti. Utambuzi huo uliwapa heshima, ila haukuweza kuipa pauni yao nguvu ya kununua nje ya mipaka iliyokuwa ikisinyaa kila mwezi.

Tarehe 15 Januari 1970 Biafra ilisalimu amri, na noti zake zikafa nayo. Wenye akaunti za benki zilizotumika wakati wa vita walipewa pauni 20 za Nigeria kila mmoja, hata kama walikuwa wameweka maelfu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya noti huoza, kwa sababu noti ni ahadi ya dola kwa anayeishika. Mkulima aliyeuza viazi vikuu kwa pauni ya jua hakuwa amekopesha jeshi wala kutangaza uhuru. Alitoa chakula halisi, akapokea ahadi, na aliyeahidi akatoweka.

Ndiyo maana naamini kila mkataba wa amani, pamoja na kuhesabu bunduki zinazosalimishwa, uhesabu pia noti zilizofungwa kwenye mapindo ya khanga, na zibadilishwe kwa haki. Mama wa Janga anastahili kulala akijua fundo lake litafunguka asubuhi likiwa bado ni unga.