Mwendo wa kilomita 30 mitaani huokoa maisha

KATIKA mitaa mingi ya Dar es Salaam, barabara ndiyo njia ya shule, ya dukani, na mara nyingi ndiyo uwanja wa michezo wa watoto. Kwa hiyo mwendo wa magari katika makazi ni suala la uhai.

Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo, gari hupita takribani mita 14 katika sekunde moja, ambayo dereva huweza kuitumia kabla hata hajakanyaga breki. Kwa kilomita 30, gari hupita mita nane tu, na nishati ya mgongano hupungua hadi karibu theluthi moja.

Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilihimiza kikomo cha kilomita 30 pale magari yanapochangamana na waenda kwa miguu.

Barabara nyingi za mitaa husimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Wakazi wapeleke maombi ya matuta na vivuko kupitia serikali ya mtaa, badala ya kujijengea matuta yasiyo na alama, ambayo usiku huweza kuwaangusha waendesha bodaboda. Madereva nao wasisubiri tuta ndipo wapunguze mwendo.