Kwa Nini Gari la Umeme Huwashwa kwa Hatua

Kidhibiti cha mota ya gari la umeme hakiunganishwi na betri kubwa kwa mkupuo. Ndani yake mna kapasita, na zikiwa tupu hufyonza umeme kama shoti. Betri ya volti 400 ikikutana nazo kwenye saketi yenye ukinzani wa omu 0.1, mkondo wa mwanzo hukaribia ampea 4,000 na unaweza kuyeyusha ncha za kontakta, yaani swichi kubwa ya kuunganisha betri, zikagandana. Kontakta iliyoganda ni hatari kuliko iliyoungua, kwa kuwa haikati tena umeme hata gari likizimwa.

Ndiyo maana kontakta hasi huunganishwa kwanza, kisha relei ndogo hupitisha umeme kwenye rizista. Kwa rizista ya omu 100 na kapasita za mikrofaradi 500, robo sekunde hutosha kuzijaza. Volti zikikaribia za betri, kontakta kuu chanya huunganishwa na relei huachia. Zisipopanda kwa wakati, pana hitilafu, na uwashaji husitishwa.

Vidhibiti vingi hukagua pia kikanyagio cha mwendo. Kikiwa kimekanyagwa tayari, mota haipewi nguvu. Fundi naye apime volti kabla ya kugusa, maana kapasita huweza kubaki na umeme baada ya gari kuzimwa.